Neno dogo kwenye chupa ya dawa

Nilifika nyumbani Chanji saa mbili usiku, wiki ya pili ya Juni. Basi la kutoka Mbeya lilikaa sana Tunduma, likasimama tena Laela, na tulipoingia Sumbawanga baridi ilikuwa imeshawafungia watu ndani. Anayeijua Ufipa mwezi huo anajua ninachosema. Uani mahindi ya kaka yalikuwa yamefunikwa turubai, na mama alikuwa amejifunga blanketi juu ya kitenge.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Pole na safari. Ila huyu mjukuu wangu hajachangamka tangu asubuhi.”

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka mitatu. Kaka na wifi walikuwa shambani wanamalizia kuvuna, watoto wao wawili wamewaacha kwa bibi yao mjini. Mkubwa ni binti wa kidato cha pili. Mdogo ndiye huyo aliyekuwa amelala, anakohoa, mwili wa moto.

Pembeni ya kitanda niliona chupa ya dawa. Ni antibiotiki ya watoto, ile inayouzwa ikiwa unga, unachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa. Ilinunuliwa mwezi Machi mtoto alipougua. Alipopata nafuu ikabaki nusu chupa, mama akaiweka kabatini kwa ajili ya siku nyingine. Siku yenyewe ndiyo ilikuwa imefika.

“Dada yake ameshaisoma,” mama akaniambia. “Anasema haijaisha muda wake mpaka mwakani.”

Binti akaja na daftari mkononi. “Ndiyo shangazi, nimeangalia tarehe. Na wameandika itumike mara moja ndani ya siku saba. Kwa hiyo nimempa kijiko kimoja mchana, nimemaliza.”

“Wameandika wapi?”

Akanionyesha kwa kidole. Maandishi yalikuwa madogo sana: “Once mixed, use within 7 days.”

“Once ni mara moja,” akasema. “Tumefundishwa. Once, twice, three times.”

Hakuwa amesema uongo. “Once” ni mara moja. Lakini mwanzoni mwa sentensi ile neno hilo lilikuwa limevaa nguo nyingine. Lilikuwa linasema: dawa hii ikishachanganywa, itumike ndani ya siku 7. Ilichanganywa Machi. Tulikuwa Juni. Tarehe iliyochapwa kwenye chupa inahusu unga ambao haujaguswa maji. Ukishaweka maji, hesabu ni nyingine kabisa, na nguvu ya dawa inapungua kila siku.

Sikusema kitu. Nilimfunua mtoto kifua, nikashika simu, nikahesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Mara 46.

Wazazi, hii namba iandikeni mahali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano mwenye kikohozi, akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anatakiwa aonwe na mhudumu wa afya kwa sababu inaweza kuwa nimonia. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, kiwango ni mara 50. Na ukiona kifua kinaingia ndani chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au hawezi kunywa, hiyo ni hatari zaidi, usiulize mtu.

Tulimfunga kwenye blanketi, tukapanda bajaji, tukaenda kituo cha afya usiku uleule. Alipimwa, akaambiwa ana nimonia, akaanzishiwa vidonge vya watoto vinavyoyeyushwa kwenye maji. Siku ya tatu alikuwa anamkimbiza kuku uani.

Lakini usiku ule, tuliporudi, nilimkuta dada yake amekaa jikoni peke yake.

“Shangazi, ni mimi nimemkosea?”

Nilimwambia hapana. Kisha nikakaa naye, kwa sababu jibu la hapana lilikuwa fupi mno kwa swali lile.

Tulivyofundishwa

Binti huyu si mjinga. Darasani kwao anashika nafasi za juu. Alinionyesha daftari lake la Kiingereza, na ukurasa wa juu kabisa ulikuwa na kazi ya kubadili sentensi: anza na “Although”, tumia “unless”, unganisha kwa “because”. Amepata nane kati ya kumi. Mwishoni mwa mwaka atafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, na akifeli atakariri darasa.

Nikamuuliza sentensi moja aliyopata, ile yenye “unless”, maana yake nini kwa Kiswahili. Akanyamaza. Akasema, “Maana yake sijui, shangazi. Najua tu ukiona if na not, unavitoa vyote viwili unaweka unless.”

Nilicheka kwa uchungu, maana na mimi nilifundishwa hivyohivyo. Nilijua kubadili sentensi kama mtu anayejua kubadili noti dukani bila kujua bei ya bidhaa.

Maneno haya, “if”, “unless”, “although”, “because”, “before”, “until”, “when”, “since”, “once”, kazi yake ni moja. Yanachukua sentensi iliyokuwa imesimama yenyewe na kuifanya iegemee nyingine. Kwenye sarufi yetu kile kipande kinachoegemea kinaitwa kishazi tegemezi, na kile kinachojitosheleza ni kishazi huru. Mfikirie mtegemezi kwenye bima ya afya. Jina lake lipo kwa sababu kuna mwanachama aliyemwandikisha. Ukiandika “Because he was sick” ukaweka nukta, umemleta mtegemezi dirishani peke yake. Anayekusikiliza anabaki anasubiri: kwa sababu alikuwa mgonjwa, ikawaje?

Tena kosa la kusahau nani anamtegemea nani halina uhusiano na umri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nililetewa taarifa ya Kiingereza kuhusu chanjo. Sentensi yake kuu ilianza na “although”, ikasema kwamba ingawa baadhi ya watoto hupata homa kidogo, chanjo ni salama. Mimi nikaanza habari yangu na homa. Usalama nikauweka aya ya mwisho. Mhariri aliisoma kabla haijaenda, akaniita.

“Umeshika mkia, ng’ombe umemwacha,” akaniambia.

Kila neno nililoandika lilikuwa kweli. Lakini mwandishi wa taarifa ile aliiweka homa kwenye kipande tegemezi kwa makusudi, na ujumbe wake akauweka kwenye kipande huru. Nilipogeuza, ningeweza kumfanya mama mmoja abaki na mtoto wake nyumbani siku ya kliniki. Nilikuwa na shahada, na sikuwa nimejua bado kazi ya “although”.

Kiswahili kinakificha

Siku iliyofuata nilianza kukaa na binti kila jioni baada ya chakula. Nilikuwa na likizo ya siku kumi. Jioni ya kwanza tuligundua jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia tangu nianze shule.

Kiingereza kinaweka kiunganishi nje, mbele ya kipande, kila mtu anakiona. Kiswahili mara nyingi kinakificha ndani ya kitenzi. Tuliandika kitenzi kimoja tu, kula. Ukila, hapo ndani kuna “if”. Ulipokula, kuna “when”. Usipokula, kuna “if” na “not”, au “unless” peke yake. Ujapokula, kuna “although”. Ukishakula, kuna “once”.

Binti aliangalia ule mstari wa mwisho muda mrefu.

“Kwa hiyo ile ya kwenye chupa ni ikishachanganywa.”

“Ndiyo hiyo.”

“Mbona rahisi.”

Ni rahisi ukiiona. Mtoto anayefikiri kwa Kiswahili anakitafuta kiunganishi ndani ya kitenzi cha Kiingereza, hakioni, na kile kilichokaa mbele anakipa maana ya kwanza aliyowahi kuisikia.

Tukaanza kutafuta makosa yake mengine, na karibu yote yalikuwa na mzizi nyumbani.

La kwanza ni “although” na “but” pamoja. Kwetu tunasema, ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda shamba, na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kimoja. Ama “Although it rained, we went to the farm”, ama “It rained, but we went to the farm”. Mwalimu wangu aliniwekea mkasi mwekundu kwenye kosa hilo miaka yote minne. Laiti angeniambia kwamba lilitoka kwenye lugha yangu, ningejua pa kulisubiri.

La pili ni “before”. Sisi tunasema, nawa mikono kabla hujala. Tunakanusha, kwa sababu wakati wa kunawa bado hujala. Mwingereza hakanushi: “Wash your hands before you eat.” Binti alikuwa ameandika “before you have not eaten”, na kila akisahihishwa alikuwa anaona ameonewa.

La tatu ni “when” kwa jambo lijalo. Baba atakapokuja nitamwambia. Ile “taka” ni ya wakati ujao, kwa hiyo mtoto anaandika “When father will come”. Kiingereza kinaacha wakati ujao kwenye kipande huru peke yake: “When father comes, I will tell him.”

La nne ndilo baya zaidi, “unless”. Neno hili limeshabeba ukanushaji tumboni. Ukiongeza kingine, maana inageuka kichwa chini. “Unless you hurry, you will miss the bus” ni usipoharakisha utakosa basi. Ukiandika “Unless you don’t hurry”, umemwambia mtu kwamba akiharakisha ndipo atakosa basi. Kwenye mtihani hilo ni alama moja. Kwenye karatasi ya dawa inayosema usimpe mtoto isipokuwa umeelekezwa na daktari, ni jambo jingine.

Na kuna “since”, ambayo ina maana mbili, tangu na kwa kuwa. Hapo nilimwambia asikariri, asome sentensi yote ndipo aamue.

Bibi anaingia darasani

Jioni ya tatu mama alisogeza kigoda chake. Mama alimaliza darasa la saba, na Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Alikuwa anachambua maharage huku anasikiliza.

“Na mimi niseme moja,” akasema. “Mahindi yakishakauka, tutapukuchua.”

Binti akaruka. “Bibi, hiyo ina once!”

Akaiandika: “Once the maize is dry, we will shell it.” Akaisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akaigeuza, kipande huru kikaanza, akaondoa mkato wa katikati, kwa sababu nilikuwa nimemweleza kwamba kipande tegemezi kikitangulia unaweka mkato, kikifuata kwa kawaida huhitaji: “We will shell the maize once it is dry.”

Tangu hapo mama ndiye akawa mwalimu. Yeye alitoa sentensi za maisha yetu, binti akazitafuta kiunganishi kilipojificha, kisha akazisema kwa Kiingereza. Dagaa wa Kasanga wakipanda bei, tutakula maharage. Usipofunika maji, inzi wataingia. Baba yako atakaporudi, nitamwambia ulivyonijibu jana. Hiyo ya mwisho binti aliiandika bila kosa, ila hakuisoma kwa sauti.

Mama hakujua Kiingereza zaidi ya siku ya kwanza, lakini alimsaidia mjukuu wake kuliko nilivyoweza mimi. Alikuwa na kitu ambacho binti alikihitaji, yaani sentensi zenye maana. Sentensi za daftari zilikuwa za watu ambao hakuwahi kuwaona, wanapanda treni ambayo haifiki Sumbawanga.

Si mjadala wa jana

Najua kuna mzazi atasema tatizo ni lugha yenyewe, kwa nini tusifundishe kwa Kiswahili hadi mwisho. Si mjadala wa jana. Shule za msingi zimefundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Watoto wa shule za serikali bado wanavuka daraja hilo wanapoingia kidato cha kwanza. Leo unasoma baiolojia kwa lugha uliyozaliwa nayo au uliyoikuta mtaani, Januari unaisoma kwa lugha nyingine.

Mimi sina uwezo wa kuamua hilo, na mama yangu hana. Lakini mtoto aliyeko darasani sasa hivi hawezi kusubiri lihitimishwe. Na katika nyumba nyingi za Sumbawanga, mtoto huyohuyo ndiye msomaji wa familia. Ndiye anayepewa karatasi ya dawa, fomu ya hospitali, ujumbe wa benki. Dawa nyingi tunazotumia zinatoka nje, nyingine India, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Tunamkabidhi mtoto wa miaka kumi na tano kazi ya mfasiri, kisha tunashangaa akikosea neno ambalo hata mtu mzima mwenye shahada lilimpiga chenga.

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoondoka nayo Chanji, kwa mzazi anayejua Kiingereza na asiyejua.

Mwanao akikusomea sentensi ya Kiingereza, mwambie aiseme kwa Kiswahili cha nyumbani, neno kwa neno zisimsumbue. Kisha muulize maswali mawili: kipi kinategemea kipi, na kipi kinatokea kwanza? Huhitaji kujua Kiingereza kuuliza hivyo. Akisitasita, hapo ndipo pa kusimama.

Mpe sentensi zako. Za jikoni, za shamba, za duka lako. Tafuteni pamoja “ki”, “po”, “sipo”, “japo” na “kisha” zilizojificha kwenye kitenzi. Dakika kumi zinatosha, na usimcheke.

Kwenye dawa, usimwachie mtoto peke yake. Kabla hujaondoka dirishani mwombe mhudumu akueleze kwa Kiswahili, kisha mrudishie kwa maneno yako uone kama umeelewa. Dawa ya kuchanganya iandike tarehe uliyoichanganya kwa kalamu juu ya chupa. Muda wake unatofautiana, nyingine ni siku 7, nyingine 14, kwa hiyo uliza. Siku zikiisha, usiiweke kabatini. Na antibiotiki ya ugonjwa uliopita si ya ugonjwa wa leo hata kama dalili zinafanana. Kikohozi kingine hakihitaji antibiotiki kabisa, na kila tunapoitumia ovyo tunawafundisha vijidudu kuizoea.

Kaka na wifi walirudi kutoka shambani siku moja kabla sijaondoka. Kaka alipoelezwa yaliyotokea alimtazama binti yake, nikaona anatafuta la kusema. Mwishowe akamwomba amsomee maandishi yaliyokuwa kwenye mfuko wa mbolea. Binti akayasoma, akayatafsiri, akafika mahali akasimama. “Hapa sina uhakika, baba. Nitamuuliza mwalimu.”

Nilifurahi kusikia hivyo kuliko kama angeyasoma yote bila kukwama.

Asubuhi ya safari walinisindikiza stendi wote, mdogo amebebwa mgongoni na mama yake, kofia ya sufu mpaka kwenye macho. Mama alinipa mfuko wa maharage, akanifunga mtandio vizuri shingoni kama vile bado nasoma.

“Ukishafika, tupigie,” akasema.

Binti akaniangalia, akatabasamu, akasema taratibu ili bibi yake asisikie: “Once you arrive, call us.”